Daktari wa Kujitegemea wa Ujiji

Mimi ni mtoto wa Ujiji, kwa hiyo habari za Livingstone nimelishwa tangu shule ya msingi kama nilivyolishwa dagaa. Kila mwaka mwalimu alitupanga mistari miwili, tukatembea mpaka kwenye makumbusho, tukasimama chini ya miembe, tukaambiwa hapa ndipo Stanley alipomkuta. Tukarudi nyumbani na vumbi miguuni. Kwenye mtihani jibu lilikuwa moja tu: mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti. Ukiandika hivyo unapata vema yako, biashara imekwisha.

Neno daktari liko mbele ya jina lake kila mahali, lakini sikuwahi kulisikia kama kazi. Nililisikia kama cheo tu, kama vile tunavyomwita mtu mheshimiwa. Nimekuja kulisikia kama kazi mwaka huu, nikiwa mwaka wa tano wa udaktari, na sababu yake ni mjadala wetu wa kila jioni pale kimbwetani: kujiajiri.

Mnaujua huo mjadala. Ajira ni chache, kila anayepanda jukwaani anatuambia tujiajiri, na kila mmoja wetu ana mpango wake kwenye daftari. Wenzetu wa sheria wana jina zuri kabisa, wakili wa kujitegemea, ukilitamka unajiona tayari umevaa joho. Sisi wa udaktari tunasema tu kufungua cha kwako. Mimi na wenzangu wawili tulishachagua jina la zahanati yetu ya Ujiji na rangi ya bango. Kujitegemea tulikuwa tunakuelewa hivi: hakuna bosi.

Halafu likizo iliyopita nikaenda kusaidia kwenye zahanati ya mtu binafsi, kule kwetu ziwani. Sitaitaja. Mwenyewe ni mtu mwema, anajua kazi, wagonjwa wanampenda. Lakini daftari lake la madeni lilikuwa nene kuliko daftari la dawa. Siku moja akaugua yeye mwenyewe, akalala ndani wiki tatu, na mimi nikaachiwa funguo. Usiku mmoja akaja mama na mtoto anachemka homa. Mimi sina leseni, rafu ziko tupu, na mwenye zahanati yuko kitandani. Nikamwitia bodaboda, akaenda hospitali ya serikali. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilibaki pale mlangoni na funguo mfukoni, nikijiuliza hivi hiki ndicho nilichokuwa nakiota?

Kesho yake nikaenda peke yangu kwenye makumbusho, bila mwalimu na bila mstari. Niliporudi chuoni nikaanza kumsoma yule mzee upya, safari hii kama mwenzangu wa kazi.

*

David Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, Blantyre, kijiji cha kiwanda cha pamba karibu na Glasgow. Familia nzima iliishi kwenye chumba kimoja. Alipofika miaka 10 akaingia kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Akitoka hapo anakwenda shule ya usiku. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini. Baadaye alizoea kukiegesha kitabu juu ya mashine ya kusokotea, akawa anadokoa sentensi moja kila anapopita.

Mwaka 1836 alianza udaktari Anderson's College, Glasgow. Bumu hakuna. Ada aliilipa kwa akiba yake, na chuo kikifunga alirudi kiwandani. Pale chuoni alifanya urafiki na kijana mmoja msaidizi wa mwalimu wa kemia, anaitwa James Young. Jina hilo lishikeni, litarudi.

Mwaka 1838 shirika la London Missionary Society lilimkubali. Alitaka kwenda China, vita vya kasumba vikamfungia njia, akapangiwa kusini mwa Afrika. Novemba 1840 alikaa mbele ya watahini wa matabibu na wapasuaji wa Glasgow. Akabishana nao kuhusu stetoskopu, chombo ambacho bado kilikuwa kigeni kwa wengi, na ubishi wake ukaurefusha mtihani. Walimpitisha hata hivyo. Sote tunamjua mwanafunzi wa namna hiyo, na sote tunajua hatari yake.

Mwaka 1841 alishuka Afrika, akaenda Kuruman na baadaye akaishi na Wabakwena. Habari zikaenea kwamba kuna daktari, wagonjwa wakaja kutoka mbali. Hapa kuna jambo lililonisimamisha. Alijiwekea kanuni kuhusu waganga wa pale: mgonjwa aliye mikononi mwao hamgusi, mpaka waganga wenyewe wakubali au wawe wamekata tamaa. Hakuenda kuwapora wagonjwa. Kwa hiyo waganga hawakumfanya adui, wakawa wanazungumza naye mambo ya kazi. Sisi tunaotaka kufungua zahanati mtaa ambao tayari una mganga, mkunga na duka la dawa, tungefanya vizuri kuanzia hapo.

Mwaka 1844, mahali panapoitwa Mabotsa, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa uliunga vibaya, na mkono huo haukurudi kuwa kama zamani. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari wa Kuruman.

Safari yake ya kukata bara kutoka Luanda, pwani ya magharibi, hadi Quelimane, pwani ya mashariki, aliimaliza mwaka 1856. Quelimane alikuta barua ya waajiri wake. Waliona kwamba safari za namna hiyo si kazi hasa waliyomtuma, na fedha zao zina mipaka. Mwaka 1857 akaachana nao. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha safari zake, kikanunuliwa kwa maelfu, na kwa mara ya kwanza maishani akawa na fedha. Toka 1858 hadi 1864 aliiongoza safari ya serikali ya Uingereza mto Zambezi. Kazi haikwenda vizuri. Mkewe alifariki Shupanga Aprili 1862, na serikali ikawarudisha.

Ndiyo hivyo, sasa mzee ana miaka 50 na kitu, jina kubwa, mwajiri hakuna. Alitaka kurudi kutafuta chanzo cha mto Nile na kuipiga vita biashara ya watumwa. Serikali ikampa cheo cha balozi bila mshahara, na pauni 500. Royal Geographical Society wakatoa pauni 500 nyingine. Pauni 1,000 zilitoka kwa James Young, yule rafiki wa maabara, ambaye sasa alikuwa tajiri kwa kutengeneza mafuta ya taa. Yaani nusu ya mtaji wa daktari wa kujitegemea ilitoka kwa mtu aliyejuana naye chuoni. Nilipofika hapo niliwatazama wenzangu wa chumbani kwa jicho jingine.

*

Januari 1866 alifika Unguja. Akashuka bara, akaufuata mto Ruvuma akiwa na watu kama 60: askari wa Kihindi, watu wa Anjouan, vijana waliosomeshwa Nasik kule India baada ya kukombolewa utumwani, na wengine aliokuwa nao tangu Zambezi, kina Chuma na Susi. Mwaka haukuisha watu wakawa wamepungua vibaya. Askari wakarudishwa, watu wa Anjouan wakatoroka, na waliofika Unguja wakatangaza kwamba bwana wao ameuawa.

Halafu ikaja Januari 20, 1867. Wapagazi wawili wakatoroka na mizigo, na kati ya mizigo hiyo lilikuwemo sanduku la dawa.

Kwenye masomo ya historia habari hii ni sentensi moja. Mimi naomba tukae nayo kidogo. Dawa yake mwenyewe ya homa aliitengeneza kwa kwinini, akichanganya na kalomeli, ambayo ina zebaki, pamoja na mizizi miwili ya kuendesha tumbo. Leo zebaki hatumpi mtu. Lakini kwinini ile ilifanya kazi, na kuitumia kwa kipimo kikubwa na mapema kuliwasaidia watu wake wa Zambezi wakati ambapo misafara mingine ilikuwa ikifa kwa homa. Miaka mingi baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome iliuza vidonge vya mchanganyiko huo kwa jina lake. Sasa mtu huyu, bingwa wa homa, yuko katikati ya Afrika, mvua zinanyesha, na hana hata punje ya kwinini. Alielewa mara moja kwamba pengine amekwisha kuhukumiwa kifo, na hakujificha kuliandika hilo kwenye daftari lake.

Angekuwa na mwajiri angeandika barua, akasubiri dawa nyingine. Yeye aliendelea kutembea. Aprili 1867 aliliona ziwa letu kwa upande wa kusini. Novemba aliona Mweru, na Julai 1868 Bangweulu. Homa ilimpiga akiwa mtupu, na mwanzoni mwa 1869 akapata nimonia, akawa hawezi kusimama. Aliyemwokoa ni Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Alimbeba kwenye machela, akampa dawa zake, akamvusha ziwa kwa mitumbwi hadi Ujiji. Livingstone, aliyekuwa akiandika dhidi ya biashara ile, alikuwa mzima kwa sababu ya mmoja wa watu wa biashara ileile. Hilo lilimkera, lakini asiye na chake hachagui wa kumbeba.

Alifika Ujiji Machi 14, 1869. Wakati huo Ujiji ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora: chumvi, mafuta ya mawese, pembe, watu waliofungwa minyororo, na mitumbwi inayotoka upande wa pili wa ziwa. Alitegemea kukuta shehena yake iliyotumwa kutoka pwani. Akakuta imechotwa, vimebaki vitu vichache. Na dawa? Dawa zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, safari ya siku kama 13, na njia ilikuwa na vita.

Kwetu leo mtu wa Kigoma akiambiwa kitu kimekwama Tabora anajua kabisa inavyouma. Ni treni tu ndiyo haikuwepo.

Pale Ujiji aliandika barua karibu 40, akazilipia zipelekwe pwani. Hazikufika. Julai 1869 akavuka kwenda Manyema, upande wa Kongo ya leo. Huko vidonda vilimla miguu, akakaa ndani miezi. Alivipaka unga wa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, kwa kuwa ndicho alichokipata. Karatasi zikaisha, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa matunda ya porini. Mgonjwa, daktari na mtunza kumbukumbu walikuwa mtu yuleyule, na wote watatu walikuwa wamechoka.

Julai 15, 1871, sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni wakikimbia. Livingstone aliyaona kwa macho yake na hakuweza kufanya lolote. Hakutaka tena kusafiri na watu wale. Akageuka kurudi Ujiji, karibu miezi mitatu njiani, akiharisha damu. Alipofika Oktoba akaambiwa shehena ya pili imeuzwa yote. Mtu aliyekabidhiwa mali, akiitwa Sherifu, alikuwa amejiridhisha kwamba mwenye mali ameshakufa.

Siku chache baadaye akatokea Stanley. Yeye aliandika kwamba ilikuwa Novemba 10, 1871. Tarehe za Livingstone hazilingani na hiyo, na si ajabu, maana mtu anayeugua peke yake hupoteza hesabu za siku. Salamu ya siku hiyo mnaijua, naiacha. Mimi nilichokitazama ni tofauti yao. Stanley alikuwa mwajiriwa wa gazeti la New York Herald. Nyuma yake kulikuwa na tajiri anayelipa, na mbele yake mzigo wa nguo, shanga, chakula na dawa. Hakuwa na shahada ya chochote. Lakini siku ile pale kwetu Ujiji, mwenye kuokoa alikuwa mwajiriwa, na mwenye kuokolewa alikuwa msomi aliyejitegemea.

Halafu mambo yakageuka kidogo, na hapa ndipo nilipompenda. Livingstone alipopata chakula na dawa, alirudi kuwa daktari. Stanley aliposhikwa na homa, mzee ndiye aliyekaa naye na kumuuguza. Pamoja walikwenda kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakahakikisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, kwa hiyo Nile haikuwa huko. Mwisho wa Desemba 1871 waliondoka Ujiji kuelekea Unyanyembe. Stanley alimsihi warudi wote Ulaya. Alikataa. Machi 14, 1872 wakaagana, na kutoka pwani Stanley akamtumia watu zaidi ya 50.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Miaka kadhaa kabla, akiwa Uingereza, alishauriwa afanyiwe upasuaji wa bawasiri. Akakataa. Sasa ndiyo damu iliyokuwa ikimtoka njia nzima. Aliingia kwenye mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua, akiwa amepanda punda na baadaye akibebwa, na Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameshafariki.

Kilichofuata sitakisahau nikiwa chumba cha maiti wala nje yake. Watu wake waliamua kumrudisha kwao. Mmoja, Farijala, aliwahi kuwa mtumishi wa daktari Unguja, na hapo alikuwa amejifunza mambo kwa kutazama. Ni yeye aliyeupasua mwili na kutoa viungo vya ndani, wakaona donge kubwa la damu tumboni. Moyo wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga, wakaubeba zaidi ya maili 1,000. Bagamoyo walifika Februari 1874. London, daktari mpasuaji William Fergusson alimtambua maiti kwa ule mfupa wa mkono uliounga vibaya tangu siku ya simba. Alizikwa Westminster Abbey Aprili 18, 1874.

Chuma na Susi hawakuwepo mazishini. Walifika Uingereza baadaye, wakasaidia kuyaweka sawa madaftari ya bwana wao yaliyochapishwa mwaka huohuo. Na nauli yao aliilipa nani? James Young.

*

Nimeyaeleza yote haya si kwa sababu namwona malaika. Alikuwa mkaidi, wenzake wa Zambezi walimlalamikia sana, na ramani zake zilifungua njia ambazo wakoloni walizipita. Hayo yajadiliwe na watu wa historia. Mimi namtazama kama mtu aliyetoka kwenye ajira na taaluma yake mkononi, kama tunavyotaka kutoka sisi.

Nilichokiona ni kwamba alipoacha mwajiri hakuacha utegemezi. Aliubadilisha tu. Zamani alimtegemea mtu mmoja anayemtumia barua za kumkera. Baadaye akawategemea mpagazi aliyebeba sanduku, msimamizi wa shehena aliyekuwa mbali, mfanyabiashara mwenye machela, rafiki wa chuo mwenye fedha, na kina Susi. Pale ambapo watu hao walikuwa wazuri, aliishi. Pale walipokuwa wabaya, au yeye alipowachagua vibaya, elimu yake ya Glasgow haikumsaidia kitu. Yule mwenye zahanati wa kwetu naye elimu anayo. Alichokosa ni mtu wa kudai madeni, dawa za akiba, na mwenzake mwenye leseni wa kusimama mlangoni akiugua.

Na tusisahau kwamba nafasi yenyewe si ya zamani sana. Sheria ya 1977 ilizuia hospitali binafsi za biashara nchini, mpaka ilipolegezwa mwaka 1991. Wazee wengi wa fani yetu hawakuwahi kupata uchaguzi tunaobishania sisi pale kimbwetani. Tusiuchezee.

Mpango wetu tumeuandika upya. Jina na bango vimehamia ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa kwanza sasa una maswali: dawa za miezi mitatu zinakaa wapi na ufunguo anashika nani, nani analipwa hata mwezi tusipopata kitu, mmoja wetu akilala hoi nani anasimama mahali pake, na mganga wa mtaa tunamwendea lini kubisha hodi. Mwenzetu mmoja alipoyaona hayo amejitoa, anasema atatafuta ajira kwanza. Sikumlaumu, na mwenyewe bado sijaamua kama nitaanza mara baada ya mafunzo kazini au nitaajiriwa miaka miwili mitatu kwanza.

Lakini swali moja hatuliwezi, la mikataba na madeni. Kwa hiyo kama uko sheria, unatoka Kigoma, Kasulu, Uvinza au popote ufukweni kule, na una ndoto ya kuwa wakili wa kujitegemea, nitafute. Niko kimbwetani kila jioni baada ya swala ya magharibi.